Annis Garside na Kitambaa cha Mafuriko

Wasikilizaji wapendwa, leo bonde letu la Thornclough limempoteza mama aliyetuvusha. Annis Garside ametutoka akiwa na miaka tisini na mmoja. Narudia kwa waliochelewa: Annis Garside, mwanikaji wa kiwanda cha sufu.

Mwanikaji ni nani? Vijana, sikilizeni. Sufu ikitoka kuoshwa husinyaa. Kwa hiyo kitambaa kilipelekwa kilimani, kikatandazwa kwenye viunzi virefu vya mbao, kikanaswa kwa kulabu juu na chini, kikavutwa mpaka kikaze kama ngoma. Ndiyo maana mtu anayesubiri jambo roho juu, huku kwetu twasema yuko juu ya kulabu. Maneno hayo mnayasema kila siku. Annis aliyaishi.

Ilikuwa Mei, mwaka aliofikisha miaka ishirini na sita. Asubuhi jua, mchana mvua kubwa ikamwagika huko milimani. Mto ukapanda ghafla. Dada yake, Lettie, mwenye mimba ya miezi minane, akakwama juu ya paa la nyumba ya kutilia vitambaa rangi, kando ya mto, pamoja na wanawake wawili. Maji yalikuwa yakibomoa ukuta chini yao.

Wilf Dyson, mume wa Lettie, alitaka kujitosa.

"Shemeji, una wazimu?" Annis akamfokea. "Utakwenda na maji, dada yangu abaki mjane!"

"Sasa nifanye nini? Nikae nimtazame?"

"Nisaidie kushusha hiki!"

Akaanza kukinasua kitambaa kwenye kulabu za kiunzi cha chini, karibu na maji. Hakuvaa glavu. Bintiye, Muriel, ameniambia: "Mama alikuwa na makovu viganjani maisha yake yote. Ukimuuliza, anasema, 'Lettie huyo.'"

Wakakisokota kikawa kamba nene. Ncha moja wakaifunga kwenye nguzo ya kiunzi, ya pili kiunoni mwa Wilf. Akaingia majini. Akazama.

Muriel anakumbuka maneno ya mama yake: "Pale ndipo nilipoujua msemo wetu. Moyo umevutwa huku na huku, na huruhusiwi kuulegeza."

Kisha kichwa cha Wilf kikaibuka kando ya paa. Akaifunga kamba kwenye bomba la moshi. Mmoja mmoja, wakiishika, wakavuka. Lettie alikuwa wa mwisho. Ukuta ukaanguka akiwa tayari mikononi mwa dada yake.

Mwenye kiwanda alipofika, Annis akamwambia, "Bwana, nimekiharibu kitambaa chako." Mzee yule akakishika, akakivuta kwa nguvu zote. "Hakijakatika hata uzi," akasema. "Sisi ndio tuliokifuma!" Watu wakashangilia huku wamelowa chapachapa.

Mtoto alizaliwa Juni. Wa kiume. Wilf alitaka aitwe Annis hivyo hivyo, ingawa ni jina la kike; Lettie akamwambia, "Mwache mwanangu asichekwe shuleni."

Muriel, pamoja na akina Dyson wote, poleni sana. Bonde zima linalia nanyi, na linamjivunia Annis. Mazishi ni Alhamisi saa nane mchana, kanisani juu ya kilima. Chai baadaye ni nyumbani kwa Muriel.

Na wewe unayenisikiliza: yupo mtu leo anasubiri jibu, majibu ya daktari, au mlango ufunguliwe. Usimwambie atulie. Nenda ukashike ncha ya pili ya kamba.