Hafidha binti Sudi na Wajenzi wa Daraja

Wasifu huu unasomwa Ibra, siku ya tatu ya matanga, na umechapwa kwa ajili ya jamaa wa Unguja, Pemba na Dar es Salaam waliokosa kuwahi maziko. Kwetu si desturi kumwandikia maiti wasifu. Marehemu aliuomba mwenyewe, na alimtaja wa kuuandika: mimi, Hadiya, dada yake mkubwa.

Marehemu Hafidha binti Sudi bin Hamed alizaliwa hapa Ibra tarehe 14 Machi 1986, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Sudi bin Hamed na Bi Khole binti Shaweji. Baba alirejea Oman kutoka Unguja mwaka 1973 akaajiriwa serikalini, katika kilimo. Mimi nilikuwa na miaka minane Hafidha alipozaliwa. Nilimbeba kiunoni kabla hajapewa jina. Naomba hilo likumbukwe, kwa sababu baadaye yalitokea mengi ya kulisahaulisha.

Hafidha alipokuwa na miezi mitatu, jirani yetu mmoja, Mwarabu wa hapahapa Ibra, alijifungua binti kisha akashikwa na homa kali, akapelekwa hospitali Muscat. Yule mtoto, Rumaitha, aliletwa nyumbani amefungwa katika shali la baba yake, amelia hadi sauti imekauka. Mama alimwondoa Hafidha kifuani, akanikabidhi mimi, akamweka mgeni. Akamnyonyesha miezi minne. Kwa sheria yetu watoto wale wakawa ndugu wa kunyonya, na udugu huo una uzito wa damu: walionyonya ziwa moja hawaoani, wakiwa mwanamume na mwanamke, hadi mwisho wa dunia. Mama yake Rumaitha alipona, akamchukua mwanawe. Lakini mtoto alikwishajua njia ya kurudi.

Marehemu alisoma skuli ya msingi na ya sekondari hapa Ibra. Herufi za Kiswahili nilimfundisha mimi, jioni, kwa ubao ulioletwa na baba kutoka kazini, na insha yake ya kwanza niliisahihisha mimi. Siku ya kwanza ya skuli, yeye na Rumaitha walikataa kukaa madawati mbalimbali. Mwalimu aliuliza wana uhusiano gani. Hafidha akajibu, "Sisi ni pacha, abla, ila mama zetu ni wawili." Hadithi hiyo ilisimuliwa kila sikukuu, na watu walicheka kila mara. Mimi sikuwahi kuiona ya kuchekesha. Mwaka 2008 alihitimu chuo kikuu Nizwa, shahada ya kwanza ya ufasiri wa Kiingereza na Kiarabu. Rumaitha alisoma hukohuko, chumba kimoja.

Nafika kwenye kazi yake. Ami Abdulsamad, mkubwa wetu, alinishauri nipite hapa haraka.

"Andika alikuwa mfasiri," aliniambia. "Basi. Watu hawana haja ya kujua alifasiri nini."

"Alitolewa kazini kwa alichokifasiri, Ami. Nikikiacha, watasema aliiba."

"Wewe toka utotoni hujui kunyamaza."

"Na yeye ndiyo maana akanichagua."

Ami akanyanyua mikono, akaomba kahawa. Kwa hiyo naandika.

Kuanzia 2009 marehemu alifasiri maelezo ya mashine za kufulia na viyoyozi katika ofisi moja ya Muscat. Mwaka 2014 aliingia kampuni inayogeuza michezo ya video, hizi gemu za watoto na za watu wazima, kuwa ya Kiarabu kwa soko la Ghuba. Sikuipenda kazi ile na nilimwambia hivyo. Yeye alinieleza kwamba mchezo wa siku hizi ni kama riwaya, una watu na maneno maelfu kwa maelfu, na mchezaji huamua nani aseme nini. Alinieleza pia jinsi mwanamume anayempenda mwanamume anavyowekwa humo. Mara nyingi, alisema, huwa mchekeshaji, au mwovu, au hufa mapema ili mwingine apate cha kulilia. Pengine mapenzi yake hufichwa nyuma ya mlango ambao mchezaji si lazima aufungue, hivyo mtu humaliza mchezo mzima asijue. Na mchezo ukija kwetu, hata huo mlango huzibwa. Wapenzi huitwa marafiki, au ndugu. Hiyo ndiyo desturi ya kazi, na marehemu aliifuata miaka mitano.

Mwaka 2019 alipewa mchezo wa wajenzi wawili wa daraja, Ivar na Tomas, wanaovusha watu mto wa barafu. Kampuni za michezo huficha mali yao hadi siku ya kuuza, kwa hiyo mfasiri hapewi picha wala mwisho wa hadithi. Hupewa maneno vipande vipande. Katika vipande vya mwanzo wanaume wale walikuwa wanaishi nyumba moja na kuitana mpenzi. Msimamizi wake akamwagiza awafanye ndugu. Haikuwezekana, kwani baba yake Tomas anatokea humo, na mama yake Ivar, na ni koo mbili zisizopatana. Ndipo Hafidha akawafanya ndugu wa kunyonya. Kila kitu kikakaa sawa: nyumba moja, sahani moja, machozi wakiagana. Msimamizi alimsifu mbele ya wenzake. Alifanya kazi miezi mitatu.

Halafu kikaja kipande cha mwisho.

Alifika Ibra Ijumaa ile na uso umemshuka. Mimi na mama tulikuwa jikoni tunapika mkate wa kumimina.

"Shikamoo mama. Shikamoo dada."

"Marahaba," nikamwambia. "Nani kakufia?"

Akakaa juu ya ndoo. "Nimewaozesha ndugu wa kunyonya."

Mama aliacha kukoroga. "Astaghfirullah. Wa ukoo gani hao?"

"Wa kwenye gemu, mama. Wanaume. Mwisho wanafunga ndoa juu ya daraja, na mimi nimeshawanyonyesha ziwa moja tangu mwanzo."

"Gemu au si gemu," mama akasema, "walionyonya pamoja hawaozwi. Na wanaume hawaozwi. Hapo umekusanya."

"Ndiyo, mama. Nimekusanya."

Msimamizi alikuwa amemwambia arusi ile aifanye sherehe ya kufungua daraja. Lakini wale wanavishana pete, na mmoja anasema, nakukubali mbele ya watu hawa. Hakuna anayelikubali daraja hivyo.

Nilimuuliza kwa nini alichagua kunyonya. Alikuwa na maneno mengine: rafiki, jamaa, mshirika, mtoto wa ami. Akanijibu bila kufikiri: "Nilitafuta watu wawili wasioweza kuachana, wala hakuna atakayewauliza kwa nini. Nikamkumbuka Rumaitha."

Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, upawa mkononi. Kati ya maneno yote ya Kiarabu, na alikuwa anayajua mengi kunishinda, alipotafuta jina la kitu kisichoachana hakulipata kwangu. Nililisikia hilo siku ile na nalisikia hadi leo.

Nilimjibu kwa yale niliyokuwa na yakini nayo. Nilimwambia hukumu ya jambo la wale wanaume anaijua, nami siibadilishi. Kama hataki kulifasiri, aache kazi, riziki ni ya Mungu. Akilifasiri, basi na alifasiri lilivyo, maana mfasiri ni mtu aliyepewa amana. Na kumzulia mtu nasaba ni uongo mkubwa, hata kama mtu huyo ni wa kuchorwa. Udugu wa kunyonya umewekwa na Mwenyezi Mungu. Si pazia la dirisha.

"Kwa hivyo dada unanambia niandike kwamba wanapendana?"

"Nakwambia usiseme uongo. Mengine utajibu mwenyewe kwa Mola wako."

"Rumaitha kaniambia hivyohivyo," akasema. "Ila yeye kanambia kwa upole."

Hata jibu langu nilikuta limeshatolewa.

Marehemu alirudi Muscat akaanza mchezo ule upya kutoka sentensi ya kwanza. Aliwatoa udugu, akawarudisha walivyoandikwa. Akaipelekea kampuni, akasema iuzwe hivyo au isiuzwe Ghuba. Kampuni haikuuza Ghuba, na ikamwachisha kazi mwezi wa Septemba. Kiarabu chake kiliuzwa nchi nyingine. Baada ya hapo alifanya kazi nyumbani, kwa makampuni ya nje, kwa sharti moja: mchezo mzima, au wampe mwingine. Aliikataa michezo ambayo dhamiri yake haikuikubali, ya kamari na ya kuwatukana maiti, na alikosa kazi nyingi kwa hilo.

Mwaka uliofuata mwanamume mmoja wa Sur alimwandikia. Aliununua mchezo ule safarini. Alisema amecheza tangu utoto, na watu wa namna yake amewaona wakichekwa, wakiuawa, au wakiitwa ndugu. Kilichomliza si arusi. Ni pale Ivar na Tomas wanapokula supu na kugombana juu ya chumvi, kwa Kiarabu cha nyumbani kwao, na hakuna anayewacheka. Aliomba asijibiwe. Mimi simjui mtu huyo na sina la kumhukumu hapa, leo si siku yake. Nalitaja kwa sababu marehemu aliuweka ujumbe ule mahali pa heshima, na kwa sababu mimi niliupata kwa Rumaitha, miezi kadhaa baadaye, kama mtu anayepewa habari za jirani.

Marehemu aliolewa tarehe 6 Februari 2015 na Laith bin Muadh wa Nizwa, fundi wa visima vya mafuta, mtu mkimya na mwaminifu. Mwaka 2016 Mungu akawaruzuku binti, Alyaa. Jina hilo nililichagua mimi, na nashukuru walilikubali. Laith hucheza michezo ile, na marehemu alizoea kumweka mbele ya televisheni asome maneno kwa sauti. Laith akikwama, marehemu hufuta. "Mume wangu akijikwaa," alikuwa akisema, "Ghuba nzima itaanguka."

Maradhi ya figo yalimwanza mwaka 2021. Kuanzia 2023 alikuwa akisafishwa damu hospitali mara tatu kwa wiki. Laith hukaa jangwani wiki mbili na nyumbani wiki mbili. Nilimtaka aje Ibra. Hospitali ipo, mama yupo, chumba chake kipo vilevile. Nilikipaka rangi kwa ajili yake. Alinishukuru, akabaki Nizwa, na zile wiki za Laith kutokuwepo akakaa Birkat al Mauz, alikoolewa Rumaitha. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta barazani, miguu juu ya mapaja ya Rumaitha, wanabishana Kiswahili na Kiarabu katika sentensi moja.

"Mgeni kaja," Rumaitha alisema. "Dada, karibu, shikamoo."

Mgeni nilikuwa mimi. Niliitikia marahaba, nikakaa kwenye kiti walichonivutia.

Siku ile ndipo aliponiomba wasifu huu. Nilimuuliza kwa nini asimwombe mwenyeji wake. Akacheka. "Rumaitha ataandika nilikuwa malaika. Wewe utaandika nilivyokuwa, na itakuuma, na utaandika vilevile."

Marehemu alifariki Nizwa alfajiri ya Jumanne, tarehe 21 Januari 2025, na akaletwa Ibra siku hiyohiyo ili alazwe karibu na baba. Wanawake tulikusanyika kumwosha. Mwoshaji, asiyetujua, aliuliza: "Dada yake nani? Aje apokee kichwa." Tuliinuka wawili. Rumaitha akaniona, akarudi nyuma mara moja hadi ukutani, akainamisha macho. Alinipa haki yangu. Nilikishika kichwa cha mdogo wangu, na nilifurahi, katika saa kama ile, kwamba nimekishika mimi.

Ilipofika kumgeuza, niliuvuta mkono wa kushoto, uliokuwa ukitiwa mashine ya kusafisha damu. Kutoka ukutani nikasikia, kwa Kiswahili cha jikoni kwetu, "Dada, polepole huo. Unamuumiza."

Nilimbeba miaka yake ya kwanza. Ya mwisho sikuibeba, na mwili ule sikuujua tena. Nilimwambia Rumaitha, "Njoo ushike wewe." Akaja. Mwoshaji akauliza tena nani ndiye dada. Mama, aliyekuwa kwenye kiti mlangoni, akamjibu, "Wote nimewanyonyesha mimi. Mwaga maji."

Jana Ami Abdulsamad aliisoma karatasi hii na akapendekeza Rumaitha aandikwe miongoni mwa marafiki wa familia, ili watu wa Unguja wasichanganyikiwe. Nililifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko linavyostahili. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na hakuna ambaye angenilaumu.

Marehemu ameacha mama, Bi Khole binti Shaweji, mume, Laith bin Muadh, binti, Alyaa, ami, Abdulsamad bin Hamed, na dada wawili, Rumaitha na Hadiya.

Mola amsamehe, ampanulie kaburi lake, na ampe mapumziko aliyoyakosa kwetu.