Mzee Rudia na Majibu ya Tezi Yasiyopatana

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenza wa marehemu, na ninyi mliosimama juani kwa sababu maturubai hayakutosha, historia hii inasomwa kwa niaba ya familia na shemeji wa marehemu, yaani mdogo wa mjane, na kwa kuwa huyo shemeji mtu ndiye pia aliyeiandika, wakubwa wa familia wamemwomba asiropoke, naye ameahidi kujitahidi.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Rudia mpaka mkasahau kwamba wazazi wake walimpa jina jingine, alizaliwa tarehe 2 Julai 1961, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyuma ya karakana, akiwa mtoto wa tatu wa fundi wa breki za mabehewa na mkunga wa zahanati. Alianza shule ya msingi mwaka 1968, katika shule iliyopakana na reli, akaingia sekondari ya bweni mwaka 1975, kisha akajiunga na chuo cha wataalamu wa maabara, akahitimu Novemba 1983, na Januari iliyofuata akaajiriwa katika maabara ya hospitali kubwa ya serikali, kwenye chumba kirefu chenye dirisha moja, majokofu matatu, na sinki lililovuja tangu siku aliyoripoti kazini hadi siku aliyostaafu.

Jina la Rudia alilipatia humo, kwa sababu jibu lolote lililomtia shaka hakulitoa, alirudia kipimo, na akipata jibu lile lile alimwita mwenzake naye arudie, huku madaktari wakigonga mlango na ndugu wa wagonjwa wakimlaani kwenye benchi la nje. Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na dada yetu, muuguzi wa wodi ya watoto, na siku hiyo mpiga picha aliamriwa kurudia kila picha, mpaka bibi harusi akasema mbele ya wageni, "Mume wangu, huyu si sampuli, mwache akale." Ndoa yao ilijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1990, ambaye ni mwalimu, na kijana aliyezaliwa mwaka 1994, ambaye ni fundi umeme, na wote wawili wapo hapa mbele yenu.

Mwaka 2015 binti huyo alianza kuvimba uso, kuhisi baridi wakati wenzake wanajipepea, na kusinzia juu ya madaftari ya wanafunzi, akapimwa, ikaonekana tezi yake, hii iliyo mbele ya koo, imelegea katika kazi yake, akaandikiwa vidonge vya kumeza kila asubuhi maisha yake yote, na kiasi cha vidonge kikawa kinategemea jibu la damu. Kwa mwaka mmoja, akipimwa kwa baba yake, alikuwa mzima kabisa, anacheka, anafundisha. Kisha akahamishiwa mji mwingine, maabara ya huko ikasema dawa imezidi, daktari akapunguza, uvimbe ukarudi, akaja nyumbani likizo, maabara ya baba yake ikasema dawa haitoshi, ikaongezwa, aliporudi kazini ikapunguzwa tena, na mwili wa mtoto wa watu ukawa unapigwa danadana kati ya miji miwili.

Mwaka 2017 alipata mimba, akapimwa huko alikokuwa akifanya kazi, akaambiwa dawa inatosha, akafurahi, nasi tukafurahi, na mimba ilipoingia mwezi wa nne ikaharibika. Mama yake alimleta nyumbani, marehemu akachukua damu yake kwa mkono wake mwenyewe, akapima, mashine ikasema dawa ilikuwa chache sana, akarudia, ikasema vile vile.

Marehemu hakulia siku hiyo, alikasirika. Alipanda basi na kiboksi cha barafu mapajani, ndani yake damu iliyobaki, akaenda kugombana na maabara ya mji ule, akidhani atakuta uzembe na vumbi, lakini alikuta meza safi kuliko yake, mashine inayotunzwa kama mtoto mchanga, na mkuu wa maabara, mama mmoja mpole, aliyempa kiti na kupima ile damu mbele ya macho yake, na jibu likatoka kama lilivyotoka mara ya kwanza, kwamba dawa inatosha. Hapo ndipo alipong'amua kitu ambacho hakikumpa usingizi tena, kwamba kila maabara ilikuwa ikijihakiki kila asubuhi kwa maji maalumu yaliyotengenezwa na kiwanda kile kile kilichotengeneza mashine yake, kama mtu anayesahihisha saa yake kwa kutazama saa hiyo hiyo, kwa hiyo zote zilifaulu, zote zilikuwa na vyeti ukutani, na damu moja ikawa na majibu mawili yasiyo na mkosaji. Hakuna daktari aliyekubali kuapa kwamba mimba ile iliharibika kwa sababu hiyo, na hakuna aliyekubali kuapa kwamba siyo, na katikati ya viapo hivyo viwili visivyoliwa ndipo marehemu alipoishi miaka yake iliyobaki.

Tangu hapo jambo hili alilivalia njuga, akazunguka maabara sita za miji hii miwili, akiomba kitu kimoja tu, kwamba ichukuliwe damu ya watu halisi, wazima na wagonjwa, igawanywe, ipimwe kote asubuhi ile ile, litafutwe jibu la katikati, kisha kila mashine irekebishwe ili majibu yake yalifuate hilo, na ili asionekane anajitolea kwa damu za wenzake, wa kwanza kukunja mkono wa shati alikuwa yeye. Mwaka 2019 maabara zote sita zilipima, majibu yakaenda segemnege, ukaitwa mkutano, na wakuu wakaja kila mmoja na cheti chake. Mmoja wao, ambaye hatutamtaja kwa kuwa amekuja na anakunywa maji yetu, alimwuliza, "Mzee Rudia, tukibadilisha namba leo, mgonjwa tuliyempa namba jana nani atamweleza?" Marehemu akajibu, "Nitamweleza mimi, mmoja mmoja, nikianza na wa nyumbani kwangu." Mkutano ukaahirishwa, na ukaendelea kuahirishwa.

Maabara mbili ndogo zilikubali, na kwa muda majibu yao yalipatana kweli, tukamwona marehemu akipiga mluzi bafuni, jambo ambalo dada yetu alikuwa amelisahau, lakini mwaka 2022 moja ikaletewa mashine mpya, hakuna aliyekumbuka kuirekebisha, na kila mmoja akarudi na lake. Wakati huo marehemu alikuwa ameshastaafu, Julai 2021, hana cheo wala funguo, akawa anakaa kwenye mabenchi ya wagonjwa kusubiri wakubwa, anaambiwa bosi yuko safarini huku sauti ya bosi inasikika ndani, anarudi nyumbani ameambulia patupu, anakaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyake mguuni. Tuseme ukweli, alikata tamaa, alikuwa akimwambia mkewe kwamba ameshindwa kumlinda mtoto kwa kazi ile ile aliyoisomea.

Mwezi Septemba 2024 alianza kuumwa tumbo na kukonda, akapimwa, na mwezi Desemba madaktari wakatuambia ni saratani ya kongosho na imeshasambaa. Mwezi huo huo binti yake akamnong'oneza kitandani kwamba ana mimba tena, na badala ya kufurahi, mzee alimshika mkono, akamwuliza, "Umepimia wapi?" Alimwomba muuguzi amtoe damu nyingine ya kugawa, muuguzi akakataa, akamwambia, "Baba, huna damu ya kugawa," na hapo ndipo alipolia, mbele yetu sote, mtu mzima ambaye hakulia hata alipomzika mama yake. Alijikaza kisabuni, akawapigia simu wakuu wa maabara zote sita, mmoja baada ya mwingine, akipumzika kati ya simu na simu, mpaka wakakubali kukutana Alhamisi ya wiki hii. Alifariki dunia Jumatatu, tarehe 10 Machi 2025, asubuhi, katika wodi ya wanaume, mkewe akiwa amemshika miguu, na mkutano ukaahirishwa kwa sababu ya msiba wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumdanganya, majirani waliotuletea viti, maji na mikono yao, na wafanyakazi wenzake waliomwosha kwa heshima. Kwa namna ya pekee inawashukuru wakuu wa maabara, ambao alipokuwa hai hakuwahi tena kuwapata wote sita kwa pamoja, na leo Alhamisi wamekuja wote, wameketi safu ya pili, mkono wa kulia.

Mbele yenu, ndugu wakuu, huyo mwenye kitenge cha bluu ndiye binti yake, mimba yake imeingia mwezi wa nne, na wiki hii damu yake imepimwa katika maabara zenu mbili, moja imesema dawa inatosha, nyingine imesema haitoshi, na daktari wake, aliyeketi nyuma yake, ametuambia wazi kwamba hajui aongeze au aache. Shemeji mtu ameishiwa maneno ya utani. Tunawaomba, baada ya kuweka udongo, msipande magari yenu, rudini mkae kwenye viti hivi hivi.

Shemeji, mume, baba, pumzika kwa amani, maana sisi tuliobaki tunaogopa sana.