Bakuli la Uji la Mama Watiri

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, ongeza sauti kidogo. Leo tunamkumbuka Magdaline Watiri, mkulima wa nduma wa hapa Tetu. Tulimzika jana, akiwa na miaka sabini na mmoja. Nina hasira, na sitaificha.

Mama Watiri alilima nduma bondeni, kwenye kinamasi, kwa miaka arobaini. Miguu ndani ya matope, leso imekazwa kiunoni. Na sisi watu wa hapa tunajua: mahali nduma zinakubali, nyumba haikai. Hata mtoto anajua hivyo.

Lakini kamati ya kujenga zahanati ilitaka uwanja tambarare, karibu na barabara. Wakakausha kinamasi. Wakaleta malori ya udongo mwekundu, wakashindilia futi tatu, wakapanda nyasi juu. Watu wakaona udongo mwekundu, wakasahau matope yaliyo chini yake.

Mama Watiri hakusahau. Alikuja mkutanoni na mabakuli mawili, moja la githeri, mahindi na maharagwe, na jingine la uji. Akayaweka mezani mbele ya mwenyekiti, akagonga meza kwa ngumi. Githeri ikatulia. Uji ukacheza mpaka ukamwagikia karatasi za mkutano.

"Meza ni moja," akasema. "Ngumi ni moja. Na nyinyi mnataka kujenga juu ya uji."

Mwenyekiti akapangusa karatasi zake. "Cucu, nyanya yetu, enda ulime nduma. Hii kazi iko na wenyewe."

Watu wakacheka. Nilikuwepo, wasikilizaji. Mimi pia nilicheka. Na zahanati ikajengwa palepale.

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, ardhi ilitetemeka. Lilikuwa tetemeko dogo. Nyumbani kwa Mama Watiri, nyumba ya mbao juu ya mwamba, hakuna hata kikombe kilichoanguka. Bondeni, mwendo wa dakika tano tu kutoka kwake, zahanati ilicheza kama ule uji. Ukuta wa upande wa dawa ukaanguka juu ya foleni.

Mama Watiri alikuwa kwenye foleni hiyo. Alikuwa amefuata dawa ya presha. Zahanati ni moja tu, angeenda wapi?

Binti yake, Tabby, aliniambia jana kando ya kaburi: "Mama alikuwa anaingia hapo akishika ukuta, ati anausikiliza. Kila mwezi ananiambia, Tabby, siku nisiporudi, usimuulize Mungu. Uliza kamati."

Na kamati imejibu. Imesema ni mapenzi ya Mungu. Hapana, jameni. Tetemeko lilikuwa moja. Narudia, tetemeko lilikuwa moja. Sisi wa mwambani tumebaki na vikombe vyetu, na aliyekuwa juu ya matope tumemzika. Mahali pa kujenga hapakuchaguliwa na Mungu. Palichaguliwa na watu wazima waliovaa tai, baada ya kuonyeshwa kwa macho yao.

Tabby, na kaka yako Waweru, na wajukuu wote, poleni sana. Na kwa kile kicheko changu, naomba mnisamehe.

Wasikilizaji wapendwa, nimepita pale bondeni leo asubuhi nikija kazini. Malori yameanza kumwaga udongo mwekundu tena, palepale. Hebu lifikirie hilo ukimaliza chai yako. Kamati inakutana Alhamisi saa nne, uwanja wa soko. Mimi nitakuja na bakuli la uji. Njoo na lako.