Toleo la Sitini na Mbili: Maisha ya Melkizedeki Eliya Akyoo

Kikao cha familia kiliamua wasifu huu uandikwe na mimi, Kaanaeli, mdogo wake wa pekee, kwa sababu kuandika ndiyo kazi yangu na nimezunguka nchi nyingi nikiifanya. Shangazi yetu aliniagiza niandike ukweli, ila nisichelewe, maana ratiba ya mazishi inapelekwa kuchapwa Alhamisi. Nimejitahidi yote mawili.

Melkizedeki alizaliwa tarehe 2 Juni 1957 kijijini Sing'isi, Meru, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Eliya Akyoo, dereva wa trekta katika shamba la kahawa, na marehemu Mama Ndeshukurwa. Alibatizwa Desemba mwaka huohuo. Mimi nilifuata miaka sita baadaye. Agosti 1965 mama alipelekwa hospitali na hakurudi. Melkizedeki alikuwa na miaka minane, mimi miwili. Mtu mzima mmoja, kwa huruma yake, alituambia mama amekwenda sokoni Tengeru, na kwa majuma kadhaa kaka alisimama njia panda kila Jumatano na Jumamosi, siku za soko, akiwaangalia akina mama wanaopandisha na vikapu. Yeye aliujua uso aliokuwa akiutafuta. Mimi sikuwahi kuujua, na hapakuwa na picha yake hata moja. Huo ndio wivu wangu wa kwanza kwa kaka yangu. Nauandika hapa kwa kuwa nimejaribu kuyasimulia maisha yake bila huo wivu, nikashindwa.

Alisoma shule ya msingi palepale kijijini, 1965 hadi 1971. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule alifundishwa kwa fimbo kuandika kwa mkono wa kulia. Alikubali nusu. Maneno aliyaandika kwa kulia, picha alizichora kwa kushoto, na ikabaki hivyo maisha yake yote. Katika mtihani wa darasa la saba alifanya hesabu chache, kisha akamchora msimamizi akisinzia. Wanaokumbuka wanasema picha ilifanana mno. Hakuchaguliwa kuendelea. Baba yetu, mtu aliyecheka mara moja kwa mwaka, alipopata habari za ile picha alicheka mpaka akakaa chini.

Miaka sita baadaye mimi nilichaguliwa kwenda sekondari ya wasichana, wa kwanza katika ukoo wetu. Baba alisema, "Vizuri," akarudi kwenye trekta. Kaka ndiye aliyenibebea sanduku la bati kichwani hadi kituo cha basi, akiwa amechora ubavuni mwake ndege aliyevaa kofia. Bwenini kila mtu alitaka kujua ndege yule amechorwa na nani. Hakuna aliyeuliza sanduku ni la nani.

Mwaka 1973 Melkizedeki alianza kujifunza kazi ya mabango kwa fundi Khalfani wa Ngarenaro, na mwaka 1981 alifungua kibanda chake mtaa huohuo. Ilikuwa miaka ya uhaba. Duka lisilo na sukari wala sabuni halihitaji bango, na kuna miezi alikaa akichanganya masizi na chokaa ili mkono usisahau kazi. Biashara ilipofunguliwa, katikati ya miaka ya themanini, kila mtu akawa mwenye duka, na kila mwenye duka alitaka jina lake ukutani kabla hata bidhaa hazijafika. Mliopo hapa kutoka Ngarenaro, Sombetini na Sokon I, mkirudi mtazame juu ya milango. Herufi nyingi mtakazoziona ni za mkono wake.

Mwaka 1984 alipewa kazi ya kuandika bango la mgahawa huko Sokon I. Mwenye mgahawa alikuwa na mpwa wake aliyemsaidia, Evaresta, msichana wa Kikatoliki kutoka Rombo. Bango lilikuwa na maneno matatu, Mgahawa wa Amani, herufi kumi na nne kwa jumla, na lilichukua wiki tatu. Mwishowe mwenye mgahawa alitoka nje akamuuliza, "Kijana, unaandika bango au Agano Jipya?" Melkizedeki na Evaresta walifunga ndoa tarehe 29 Desemba 1984. Mungu aliwajalia watoto watatu, na nyumba yao ilikuwa nyumba ambayo mtu aliingia bila kubisha hodi mara mbili.

Nilipomaliza chuo kikuu mwaka 1986 nilikuja nyumbani, nikampa kaka mkono, nikasema, "Habari yako, Melki." Sikumwamkia. Niliona nimesoma mno kumpa shikamoo mchora mabango. Aliniangalia kidogo, akajibu, "Marahaba, mdogo wangu," kana kwamba nimemwamkia. Tangu siku ile, kila niliporudi kutoka safari, mimi nilisema habari na yeye akaitikia marahaba. Sikubadilika, wala yeye hakuchoka. Tulikwenda hivyo miaka kumi na sita.

Mwaka 1990 Omary, mtoto wa fundi Khalfani, alirudi kutoka Dubai na televisheni, deki na mzigo wa nguo. Katikati ya nguo mlikuwa na kaseti nne za katuni ya Kijapani, bila tafsiri yoyote. Alifungua banda la video nyuma ya karakana za Ngarenaro, akamwita kaka aandike bango. Kaka aliliandika, akaingia ndani kuchungulia, na unaweza kusema hakutoka tena kwa miaka kumi na miwili. Aliwakuta watoto wamekodoa macho, hawaelewi kinachosemwa. Akasimama kando ya televisheni, akaanza kuwaeleza.

Hakujua hata neno moja la Kijapani. Katuni ilionyesha mvulana anayetembea kwenye theluji na korongo wa chuma mwenye bawa moja. Kaka alimpa mvulana jina la Lesikar, akasema theluji ile ni ya Kibo, na kwamba Lesikar anamtafuta mama yake aliyekwenda sokoni. Kila mtu katika katuni ile alipoinama, na Wajapani huinama sana, kaka alisema kwa niaba yake, "Shikamoo," na watoto arobaini wakaitikia kwa pamoja, "Marahaba." Zamda, mke wa Omary, hupenda kusema kwamba banda lao ndilo pekee Arusha lililowarudisha watoto nyumbani na adabu zaidi ya waliyokwenda nayo.

Kaseti zilikuwa nne tu, na ya nne ilikatikia Lesikar akiwa katikati ya daraja. Watoto wakadai inayofuata. Haikuwepo. Ndipo kaka alipoanza kuichora mwenyewe, kurasa nane kwa wino mweusi, akazitoa fotokopi na kuzibana kwa pini. Toleo la kwanza lilitoka Machi 1991. Yalifika matoleo sitini na moja, na yalipitishwa mkono kwa mkono mpaka karatasi zikawa laini kama kitambaa. Katika yote hayo mama yake Lesikar alionekana kwa mgongo tu, akiwa mbali, na kikapu kichwani.

Mimi nimechapisha vitabu vitatu. Miaka kadhaa iliyopita, Lubumbashi, nilikutana na dereva wa lori aliyekulia Sombetini. Alinisimulia toleo la kumi na tisa, ukurasa kwa ukurasa, huku chai yake ikipoa. Nilimwambia kuwa mimi ni mwandishi kutoka Arusha. Akaniuliza kama namfahamu Melki.

Kuanzia 1992 hadi 1994 nilifanya kazi ya ukalimani Kobe, Japani. Niliitafuta katuni ile mpaka nikaipata, na nilijua Kijapani cha kutosha kuona kwamba kaka amekosea kila kitu. Mvulana yule hakuwa anamtafuta mama. Alikuwa anamtafuta mtu aliyemuua baba yake, ili naye amuue. Na mchoraji wake alikuwa amefariki mwaka 1993 kabla hajaimaliza. Nilifurahi, na Mungu anisamehe. Sikufurahia kifo chake. Nilifurahi kwamba hatimaye nina kitu ambacho kaka hana.

Desemba 1994 nilishuka kwenye basi na kwenda moja kwa moja bandani, mkoba wangu ukiwa bado begani. Kaka alikuwa katikati ya kaseti ya pili. Nilisimama mbele ya televisheni, nikawaambia watoto, "Huyu hatafuti mama. Anatafuta mtu wa kumuua. Na aliyeitunga amekufa, kwa hiyo hadithi hii haina mwisho."

Salwa, binti wa Omary, aliyekuwa na miaka kumi, aliinua mkono kama yuko darasani.

"Shangazi," akauliza, "kwani huko kwao hawana mama?"

Kaka alisema, kwa sauti yake ileile ya kila siku, "Kaanaeli, kaa basi. Unawaziba." Nikakaa kwenye benchi la watoto, na akaendelea alipoishia.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani hakuniuliza kwa nini nimefanya vile. Aliniuliza yule mchoraji aliugua nini, na kama ameacha watoto. Sikujua. Toleo la ishirini na saba lilitoka Januari likiwa na ukurasa wa mbele usio na picha, wenye mpaka mweusi. Aliandika hivi: "Mchoraji wa Japani amefariki. Hatukumjua jina. Alitupa Lesikar na korongo wake. Watoto wa Ngarenaro wanawapa pole wafiwa." Tangu wakati ule nimesoma maombolezo mengi ya mchoraji yule, katika magazeti ya lugha tatu, yaliyoandikwa na watu waliokula naye meza moja. Hakuna hata moja ambalo ningependa kuwa nimeliandika mimi. Hili la kaka ningependa.

Miaka ilikwenda. Televisheni ziliingia majumbani na katuni mpya kila jioni, watoto wa banda wakakua, na mwaka 2002 Omary alifunga mlango. Hata hivyo kila aliyepita kibandani alimuuliza kaka, Lesikar atamwona mama yake lini. Jibu lake lilikuwa moja, kwamba ni toleo lijalo. Kwa mkewe tu ndipo alipokiri kwamba anaogopa. Alisema akimaliza, mama atakuwa amepatikana kwenye karatasi peke yake, na yeye hatakuwa na wa kumtafuta tena.

Tarehe 17 Novemba 2002 Melkizedeki alipata kiharusi akiwa kazini. Kilimnyang'anya mkono wa kulia na maneno yote. Alilazwa mwezi mmoja, akaruhusiwa kabla ya Krismasi, akaletwa hapa Sing'isi. Mke wake Evaresta alimuuguza kwa upendo ambao sisi wa ukoo wa Akyoo hatutausahau.

Nilifika Januari. Niliingia chumbani nikasema, "Habari yako, Melki." Akafungua mdomo. Nilisubiri marahaba yangu, haikuja. Miaka yote nilidhani ule ni utani wake. Siku ile nilielewa kwamba alikuwa ananitunzia nafasi, ili siku nitakapotaka kurudi niikute.

Mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Kwa wiki sita, Evaresta akimshikia karatasi, alichora toleo la sitini na mbili. Ni kurasa nane kamili, na vile viduara vya maneno vinavyotoka midomoni vyote ni vitupu, kwa kuwa mkono uliojua kuandika ulikuwa umekufa. Lesikar anavuka daraja. Anapandisha mlima, anapita kwenye migomba, anafika mlangoni. Mama yake ameshatua kikapu na amegeuka. Shangazi yetu alipouona uso ule alilia, akasema ni Ndeshukurwa mwenyewe, hata kovu la kwenye nyusi. Hivyo ndivyo nilivyomwona mama yangu kwa mara ya kwanza, nikiwa na miaka thelathini na tisa.

Lesikar hakufika peke yake. Kuna mtoto wa kike amemshika mkono, ambaye hakuwahi kuonekana katika matoleo sitini na moja. Ni mdogo sana, na amebeba mkoba begani unaomzidi. Kiduara cha mwisho kinatoka mdomoni mwake. Kaka alikigusa kwa kidole, kisha akagusa midomo yangu.

Melkizedeki alifariki nyumbani kwake Jumatatu, tarehe 3 Machi 2003, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Viduara vingine vimejazwa na Salwa, ambaye siku hizi anafanya kazi stationari na ndiye aliyechapa ratiba hii, pamoja na wenzake wa lile benchi. Wao wanajua Lesikar anavyozungumza kuliko mimi. Cha mwisho nimekijaza mwenyewe, kwa neno moja, na ukurasa huo uko nyuma ya ratiba mliyoshika. Mtoto anasema, "Shikamoo." Mliokulia bandani mnajua cha kuitikia. Hadithi imeisha, na aliyeimaliza ni yeye.

Ameacha mjane, Evaresta, watoto watatu, Hedwiga, Fransiska na Elihuruma, shangazi mmoja, dada mmoja, anayesoma hapa, rafiki yake Omary na familia yake, na watoto wa Ngarenaro, ambao sasa ni watu wazima na hatukuweza kupata hesabu yao.

Apumzike kwa amani aliyeniitikia miaka kumi na sita kabla sijamwamkia.

Kaka, shikamoo.