Achari ya Kula Baharini

Basi la kutoka Riyadh lilikuwa likiingia Jeddah. Mzee Japheth, dereva Mkenya aliyekuwa abiria siku hiyo, aliitazama chupa ya achari aliyoipakata Sajith, kijana wa Kihindi aliyejifunza Kiswahili kazini. "Fungua tule, kijana."

"Hapana, mzee. Kwetu achari huliwa ufukweni. Mama alisema hii nisiionje mpaka nione bahari."

"Na wakubwa wakiifunga hiyo bahari? Mimi niliweka unga wa mwisho aliosaga marehemu mke wangu, niupike siku ya likizo. Wakaninyima likizo, unga ukaliwa na fukusi." Kwa Japheth, hata fukusi walitumwa na bosi.

"Pole, mzee. Lakini achari haiingii fukusi."

"Mbishi wewe!"

Basi likasimama kituo cha Kandara, mle mle Jeddah. Japheth akashuka nyuma ya Sajith akinung'unika, "Sasa hiyo bahari iko upande gani?"