Bi. Jumwa na Rekodi ya Kayamba

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama: Bi. Jumwa Mangi, anayestaafu tarehe 28 Agosti baada ya miaka ishirini katika redio yetu ya jamii hapa Ukunda, hasikii tena sauti nyembamba. Ni shangazi yangu. Bwana Seth, meneja, amenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu wa kuchapishwa kwenye ratiba ya sherehe, kwa sababu Kiswahili changu cha shuleni ni kizuri na kusimama mbele ya watu siwezi.

Bi. Jumwa alianza kwa kusoma matangazo ya vifo. Kompyuta za kituo zilipohamishiwa mfumo wa Linux, wengine walisema watasubiri fundi kutoka Mombasa. Yeye akakaa akajifunza. Akajenga hazina ya programu-jalizi za sauti, vile vijiprogramu vinavyochomekwa kwenye programu ya kurekodi ili kuondoa upepo au kulainisha sauti. Studio ndogo za kuanzia Tiwi mpaka Msambweni huvichukua kutoka kwake, na kompyuta zao hukataa chochote kisicho na sahihi yake ya kidijitali.

Na hatii sahihi ovyo. Kila toleo jipya hulipitishia rekodi ileile ya kayamba, aliyoipiga marehemu babu kule Kinango. Ikilia kama mvua juu ya makuti, hutia sahihi. Ikilia kama samaki anayekaangwa, humwandikia aliyelitengeneza, hata awe Ulaya, kwamba samaki wako hajaiva. Kheri wa mitamboni humtania, "Bi. Jumwa, hiyo kayamba itapasuka." Naye humjibu, "Litapasuka sikio lako kwanza, baba."

Mwaka jana alitia sahihi toleo lenye mluzi. Wiki hiyohiyo Jacinter, wa studio ya Msambweni, alilitumia kurekodi nyimbo za mama yake aliyekuwa mgonjwa. Mama akafariki. Mluzi umo ndani ya kila wimbo, na tulipojaribu kuuondoa, sauti ya mama ilitoka nao. Jacinter anadhani aliweka maikrofoni vibaya. Tangu hapo hajamrekodi mtu tena. Anasema mkono wake ni mbaya.

Nilimchezea shangazi kayamba kupitia toleo lile. Ililia waziwazi kama samaki anayekaangwa. Aliinamisha kichwa, akasikiliza, kisha, kayamba ikiwa bado inalia, akauliza, "Mbona imenyamaza?" Tukatazamana. Akasema, "Usiseme, Subira. Niache nimalize kazi yangu." Toka siku hiyo mimi husikiliza, yeye hutia sahihi.

Siku ya sherehe wafanyakazi watampa zawadi ya hedifoni. Atakayemkabidhi ni Jacinter.

Shangazi, asante kwa kila sauti uliyotusafishia, na kwa kunifundisha kusikiliza kabla ya kusema ndiyo. Tunakuombea kwa Mungu pumziko la kweli, wewe na nyumba yako. Lakini usiipokee zawadi ile kabla hujamwambia Jacinter kwamba mkono wake hauna kosa. Mimi siwezi kumwambia. Nimejaribu, nikakumbuka ulivyoniambia nisiseme.

Nasikia kandambili zako ukumbini. Siku hizi unaziburuta, wala hujui zinavyopiga kelele. Kila ukija mimi huufunika ukurasa huu kwa kitabu cha hesabu. Leo nimeuacha wazi mezani, maandishi yakielekea mlangoni.