Dokta Mwantumu Gharibu, Aliyewafuata Watu Madunguni

Ndugu, jamaa na majirani, assalaam alaykum. Karatasi mliyonayo mkononi imechapwa leo asubuhi kwenye stesheneri ya karibu na stendi ya Kibiti, wino ukiwa unakwisha, ndiyo maana picha ya marehemu imetoka nyeusi. Mtusamehe. Jana mchana mwenye picha alikuwa hai, anakula wali na samaki, anamtania mumewe. Mimi ni Mwinyimvua, kaka yake mkubwa, mwalimu mstaafu. Nimeshaandika wasifu wa marehemu wengi hapa kwetu, lakini walikuwa wazee, watu ambao unapata muda wa kujiandaa. Huu wallahi sikuutegemea. Yeye ndiye alitakiwa aandike wangu. Nitasoma taratibu, mnifuatishe.

Mwantumu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Mbwera, kwenye delta, mto unapoingilia baharini, akiwa mtoto wa mwisho wa Mzee Gharibu, mkata boriti za mikoko, na Bi Mwanaharusi, ambaye yupo hapa mbele yenu. Baba alifariki mwaka 1985. Mama akarudi na watoto kwao, hapa karibu na Ndundu, akashika jembe kulima mpunga bondeni.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1987. Wageni wetu mliotoka Dar es Salaam mwelewe jambo moja: msimu wa mpunga sisi huhamia bondeni, tukaishi kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya miti, tukiamia ndege na kufukuza nguruwe na viboko. Huendi peke yako, unakwenda na watoto. Basi mwaka 1991 aliporudi shule baada ya mavuno, alisimamishwa mbele ya wenzake wote akaitwa mtoro, akachapwa. Alirudi nyumbani analia, akamwuliza mama, "Mimi nimetoroka wapi? Si nilikuwa na wewe?" Mama akamfuta machozi. Mtoto akakua na swali lake. Alisoma sekondari mjini Kibiti, kisha chuo kikuu jijini Dar es Salaam, na mwaka 2013 akapata shahada ya uzamivu katika afya ya jamii. Siku hiyo mama alipiga vigelegele mpaka akapotewa na sauti kwa siku mbili.

Aliolewa na Ndugu Abdulrazaq, mtaalamu wa maabara, tarehe 20 Agosti 2005. Posa ilipoletwa, bibi harusi mwenyewe hakuwepo. Alikuwa kijijini Ngarambe na makaratasi yake, anakwenda nyumba kwa nyumba kuuliza watu wanalalaje na watoto wanasomaje. Washenga walitaka kuondoka kwa hasira. Mama akawaambia, "Kaeni mle, akishamaliza kuuliza watu atakuja kujibu." Walikula siku mbili. Alipofika, vumbi mpaka kwenye kope, alijibu kwa neno moja tu: "Nimekubali," kisha akamwuliza mshenga kama nyumbani kwake wana chandarua.

Kazi yake wengi mliisikia bila kuielewa, na mimi nilikuwa mmoja wenu, mpaka aliponikalisha chini akanieleza. Kulikuwa na watafiti waliopita vijijini kwetu, wakachungulia vyumbani, wakahesabu vyandarua, wakaandika kwamba karibu kila nyumba inacho. Ilikuwa kweli. Lakini malaria haikupungua, watu wakabaki kukuna vichwa. Mwantumu akaja kwa mama mzazi, msimu wa mpunga, akakuta chandarua kimetundikwa vizuri nyumbani na kitanda hakina mtu. Akamfuata bondeni. Alimkuta dunguni, anajifunika khanga, mbu wanamla.

"Mama, chandarua kwa nini hukuja nacho?"

"Khaa! Nije nacho, halafu wapite wale wa kuhesabu wasikikute? Si wataniandika sina?"

Tuliposimuliwa tulicheka, lakini yeye hakucheka. Alizunguka madungu msimu mzima, akakuta ni vivyo hivyo kwa karibu kila mtu: chandarua kimebaki kijijini kusubiri wakaguzi, mwenyewe yuko bondeni na wanawe, na wanawe wanaugua, na shuleni wanaitwa watoro. Akaandika makala, ikatoka mwaka 2014 kwenye jarida la nchi za nje. Makala hiyo imenukuliwa zaidi ya mara mia tisa. Ameandika nyingine thelathini na kitu, za afya na za elimu, akionesha jinsi homa ya bondeni inavyomfelisha mtoto mtihani wa darasa la saba.

Nilimwuliza kunukuliwa ndiyo nini. Akasema mtu wa mbali akiandika jambo, anasema "kama alivyosema Gharibu." Mama akadakia, "Yaani fulani kasema, fulani kasema? Huo si umbea?" Mwantumu akacheka mpaka akashika mbavu. "Umbea, mama, lakini lazima useme umesikia kwa nani."

Jamani, sasa nifike penye uchungu. Watu wa Msumbiji na Bangladeshi walimsoma wakabadilisha mambo yao. Yeye alitaka mambo mawili tu, hapa kwetu: darasa bondeni wakati wa msimu, mwalimu awepo, na kila familia ipate chandarua cha pili cha kubaki dunguni. Darasa alilijaribu kwa misimu mitatu, la makuti na mbao. Mlioleta watoto mnajua. Homa zilipungua, na waliofanya mtihani wakitokea bondeni walifaulu kama wenzao. Mafuriko ya Aprili mwaka huu yakalibeba darasa lote. Ndipo akaomba lisijengwe tena kwa hisani yake, liingizwe kwenye mipango ya wilaya. Hoja imepangwa kusikilizwa kesho, Alhamisi, kwenye kikao cha halmashauri mjini Kibiti. Ikipita kesho, watoto watakuta darasa wakihamia bondeni. Ikikosa msemaji, inasubiri kikao cha mwakani, na msimu utakuwa umeshaanza.

Kwenye wasifu huwa kuna aya ya kuugua. Huyu hakuugua. Jana, Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, alikuwa nyumbani kwake Kibiti na msaidizi wake wa miaka mingi, Bi Sikudhani, wanaandaa maneno ya kusema kikaoni. Saa tisa akasema, "Siku, kichwa kinanigonga, niache nijilaze." Ilipoadhiniwa alasiri hakuamka. Alikimbizwa hospitali. Tuliambiwa presha imepanda, mshipa umepasuka kichwani. Magharibi haikumkuta. Alikuwa na miaka arobaini na mitano. Mimi mpaka sasa nasubiri mtu aniambie wamekosea. Asubuhi hii simu yake imelia, ni mtu anaulizia kikao kinaanza saa ngapi. Nikamkatia.

Ameacha mama, mume, watoto wawili, Salama na Saadi, kaka mmoja ambaye ndiye mimi, na wanafunzi wake wengi.

Na sasa tangazo, ambalo si kawaida kuwekwa hapa. Leo alfajiri wazee walikaa wakasema matanga ni siku tatu, mfiwa haondoki mkekani kwenda kwenye mambo ya ofisi, kwa hiyo Bi Sikudhani asiende kesho, wala shemeji, hoja iahirishwe. Niliona wana haki. Ndivyo tulivyolelewa. Bi Sikudhani alilia, hakubisha. Ndipo mama akauliza toka ndani, "Matanga ni nini?" Mzee mmoja akamjibu kwa upole kwamba matanga ni kukaa pamoja na mfiwa. Mama akasema, "Basi mfiwa ni mie, na kesho nakwenda kukaa Kibiti. Anayekuja kukaa na mie, aje na mkeka."

Mzee yule yule akaanza kuulizia magari.

Kwa hiyo, baada ya maziko leo, khitma itasomwa hapa nyumbani kama kawaida. Kesho matanga yatakaa Kibiti, nje ya ukumbi wa kikao, mpaka hoja isikilizwe. Magari yataondoka mbele ya msikiti saa moja asubuhi. Wanaume watoe mikeka, kina mama wapike mapema. Wenye watoto waliosoma bondeni waje nao. Bi Sikudhani ataingia ndani kusema, na mama ataingia naye. Nilimwambia, "Mama, huko ndani ni kwa wataalamu." Akaniangalia vile anavyoniangalia tangu nikiwa mdogo.

"Wataalamu wamemsikia mwanangu mara mia tisa," akasema. "Kesho watanitazama mie usoni, ndipo wanijibu."

Mola ampokee Mwantumu na amsamehe, na amjaalie mapumziko, maana sisi hatukuwahi kumwona amepumzika.